Uchumi wa Shamba: Mahindi ya Handeni, Machungwa ya Muheza na Ekari Isiyotimia

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka Mkoa wa Tanga. Kila mwandishi ameuliza habari ya bei, na ndani ya kila barua kuna kitu ambacho hakikupimwa. Tumeanza na hicho kisichopimwa. Bei tulizotumia kwenye hesabu ni za mfano tu. Weka za sokoni kwenu, mwendo wa hesabu ni uleule.

Swali: Ndugu zangu, habari za kazi. Kila mwaka nauza mahindi wiki ileile ninayovuna, na ikifika Januari nanunua unga kwa bei inayoniuma. Safari hii nina magunia 30, na nina deni la trekta na la palizi. Niuze yote au niweke? Jirani ananiambia kuweka ni kulisha dumuzi. (Mkulima, Handeni)

Jirani yako amejibu sehemu moja tu ya swali lako. Kuna mambo matatu: utakuwa na kilo ngapi siku ya kuuza, pesa unayoikosa leo inakugharimu kiasi gani, na bei inaweza kupanda mpaka wapi.

Anza na kilo. Mahindi yanayotoka shambani yana maji, na mzani hupima maji pamoja na punje. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16, ukilikausha mpaka asilimia 13.5 ambayo ndiyo kiwango cha kuhifadhia, hubaki kilo 97. Kwa kupima nyumbani, chukua chupa kavu ya mililita 750, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, rudisha mahindi kwenye turubai. Chumvi ikiwa yenyewe imelowa kwa hewa ya mvua, kipimo kinadanganya. Ikaange kwanza kwenye kikaango na uiache ipoe.

Mahindi mabichi yakifungiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa yanaota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Hilo ni jambo la afya kwanza, halafu ni la soko. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, na anayeuza upande wa Horohoro anajua mpaka ukifungwa bei ya huku inakwenda wapi.

Sasa mfuko. Ile mifuko ya tabaka tatu, ambayo wengi huiita kinga njaa, ina mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kusokotwa nje. Dumuzi na fukusi waliomo hutumia hewa iliyobaki mpaka inaisha, nao wanakufa bila dawa. Kabla ya kujaza, puliza hewa ndani ya kila mfuko wa plastiki uone kama una tundu. Jaza, kamua hewa, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, ukunje na uufunge peke yake, halafu wa pili peke yake, halafu gunia. Usitie magunzi, yanatoboa. Usiegemeze ukutani. Na usiufungue kila wiki kuchota debe la kula: kila ukifungua unawapa wadudu hewa mpya. Mahindi ya kula weka mfuko wa peke yake.

Hesabu yenyewe sasa. Tuseme bei leo ni shilingi 500 kwa kilo, yaani 50,000 kwa gunia. Mfuko ni 5,000 na unautumia misimu miwili, hivyo 2,500. Kukausha na kubeba 1,500. Ili usiuze leo umekopa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni asilimia 18, yaani 9,000 kwa kila gunia. Jumla 63,000. Kilo za kuuza ni 97, toa moja ya upotevu, 96. Gawanya: shilingi 656 kwa kilo. Bei ikiwa chini ya hapo, ulikuwa unalinda mahindi bure.

Rudia hesabu kwa gunia la kawaida la shilingi 1,000 ambalo dumuzi amekula sehemu moja ya kumi. Kilo zimebaki 87, gharama 61,500, na bei ya kutoka patupu, yaani isiyo na faida wala hasara, imekuwa 707. Rudia tena kwa mfuko mzuri lakini bila mkopo: 54,000 kwa kilo 96 ni shilingi 563. Tazama tofauti zake. Dumuzi ameongeza shilingi 51 kwa kilo, riba imeongeza 93. Jirani yako anamwogopa mdudu, na ana haki, lakini kinachokutoa mahindi mkononi ni deni.

Hili limepimwa kwa makini. Watafiti Burke, Bergquist na Miguel walifanya jaribio magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo 2019. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuweka mahindi na kuyauza baadaye, na faida juu ya mkopo ilikuwa asilimia 29. Jambo la pili walilolikuta ndilo tunalotaka ulishike: pale ambapo wakulima wengi wa eneo moja walipata mkopo, mahindi yalienea miezi yote, bei ya mavuno haikuanguka sana wala ya baadaye haikupaa sana, na faida ya kila mmoja aliyeweka ikapungua. Kwa hiyo ukisikia kijiji kizima mwaka huu kinaweka, usitegemee mpando wa mwaka jana. Asiyeweka naye hufaidi, kwa kuwa bei yake ya mavuno imeshikiliwa na wenzake.

Ushauri wetu kwa magunia 30. Kwanza tenga chakula. Nyumba inayokula gunia moja kwa mwezi, magunia sita hayo hayamo kwenye biashara kabisa, kwa sababu thamani yake ni bei utakayonunulia Januari, ikiwa na nauli na faida ya muuzaji ndani yake, wala si bei unayouzia leo. Pili, uza ya kulipa deni lenye riba: deni la laki tano ni magunia 10. Yaliyobaki 14 weka, na uyauze kwa mafungu mawili au matatu bei ikishapita namba yako ya kutoka patupu. Usivuke Januari kwa tamaa. Vuli ikikubali, mahindi mapya huanza kuingia baada ya hapo na bei inarudi chini.

Halafu uza kwa mzani. Gunia la lumbesa la debe saba linalolipwa kama debe sita limekupunguzia asilimia 14 kabla hata hujataja bei. Sheria ya Vipimo, Sura 340, iko upande wako, na Wakala wa Vipimo ndio wa kupelekewa malalamiko.

Swali: Nimekodi ekari tatu Pangani. Nilinunua mbegu ya mahindi kilo 30, kilo 10 kwa ekari kama nilivyoelekezwa, na nimepanda kwa nafasi sahihi. Imebaki theluthi nzima. Nimekosea wapi? (Mkulima mpya)

Pengine hujakosea popote; shamba ndilo halikutimia. Uliza lilipimwaje. Jibu litakuwa "hatua 70 kwa 70". Kipimo hicho kina asili ya yadi: yadi 70 ni kama mita 64, na 64 mara 64 ni mita za mraba 4,096, karibu sawa na ekari ambayo ni 4,047. Lakini hatua ya mtu si yadi. Mwenye shamba akitembea kwa hatua za sentimita 75, sabini zake ni mita 52 na nusu, na "ekari" yake ni mita za mraba 2,756. Tatu za namna hiyo ni ekari mbili na kidogo. Theluthi ya mbegu yako iko hapo, na theluthi ya kodi pia. Upande wa pili, anayepima mita 70 kwa 70 kwa futi kamba anatoa mita 4,900, zaidi ya ekari kwa asilimia 21.

Pima upya kwa kamba ya mita 20. Kona ihakikishe kwa 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba inayoziunganisha lazima iwe mita 5. Shamba lisilo na kona za sawa ligawe pembetatu; kila pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Simu inayopima kwa setilaiti inafaa shamba kubwa. Kwa kipande kidogo, kupotea kwake kwa mita chache kila kona ni kosa kubwa.

Na wataalamu nao wamehangaika hapahapa. Kuna mjadala wa miaka mingi kwamba shamba dogo hutoa mavuno mengi zaidi kwa ekari kuliko kubwa. Takwimu za Uganda zilizochapishwa 2013 zilionyesha kwamba wenye vipande vidogo hutaja eneo kubwa kuliko lilivyo, na wenye makubwa hutaja dogo. Mwaka 2019 watafiti wengine, pia Uganda, waliacha kuuliza mavuno kwa mdomo, wakavuna wenyewe vipande vilivyopimwa na kupiga mzani, na ule ubora wa shamba dogo haukuonekana tena. Huko, kanuni hiyo ilikuwa imeegemea majibu ya kukisia.

Swali: Assalaam aleikum. Nina michungwa 120 Muheza, ya aina ya Msasa na ya Nairobi. Mfanyabiashara anataka kununua yote ikiwa mtini kwa shilingi milioni moja na laki sita, pesa taslimu. Mume wangu anasema ni nyingi, mimi moyo hautulii. (Mama mkulima, Muheza)

Waaleikum salaam, mama. Moyo wako una sababu: mfanyabiashara ameshahesabu machungwa yako, wewe bado. Hesabu.

Usichague miti ya kuhesabu kwa macho, maana jicho huvutwa na mti uliozaa. Anza na mti wowote kati ya minane ya kwanza, kisha ruka, kila wa nane, mpaka mwisho wa shamba. Miti 120 inakupa 15. Kila mti ugawe robo nne kwa kufikiria msalaba juu yake, hesabu robo moja na uzidishe kwa nne. Mti unaofuata geuza robo, kwa kuwa upande wa jua na upande wa kivuli havizai sawa. Ingia ndani ya matawi, ukisimama nje utayakosa yaliyojificha. Msasa na Nairobi zipigie hesabu mbalimbali, haziivi pamoja wala haziuzwi bei moja.

Tuseme wastani umekuja machungwa 640 kwa mti. Mara 120 ni 76,800. Toa sehemu moja ya kumi kwa yanayodondoka na yanayochomwa na nzi wa matunda, na katika yaliyobaki toa asilimia 15 ya madogo yasiyonunuliwa. Unabaki na kama 58,750. Bei ya kando ya barabara tuseme shilingi 50 kwa chungwa, kuchuma na kutoa shambani kunakula shilingi 12, zimebaki 38. Jumla ni kama milioni mbili na laki mbili na elfu thelathini. Yeye amekupa 1,600,000. Tofauti ni laki sita na ushee.

Tusimwite mwizi haraka. Laki sita hizo zinalipa vitu halisi: yeye ndiye atakayekula hasara nzi akizidi au bei ikishuka, na wewe unapata pesa leo. Swali ni kama unahitaji kununua kinga hiyo kwa bei hiyo. Kama hamna dharura, jibu letu ni hapana. Dawa ni kati: muuzie Msasa inayoiva sasa, ubaki na Nairobi, au mkubaliane bei kwa chungwa na mhesabu pamoja siku ya kuchuma.

Ukiuza mtini, andikeni mambo haya hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mashahidi wawili: siku ya mwisho ya kuchuma, nani analipa tawi likivunjwa, yanayobaki baada ya siku hiyo ni ya nani. Siku ya mwisho ndiyo wengi husahau. Mnunuzi anayengoja bei ipande Mombasa au Dar es Salaam ameufanya mti wako ghala lake bila kulipa kodi. Machungwa ya kuchelewa yakikaa mno mtini, mti hupunguza mazao ya msimu unaofuata, na hasara hiyo haimo kwenye milioni yake.

Kuhusu kupiga simu kuuliza bei za masoko mengine, inafaa, ila tuseme kwa kiasi. Utafiti unaotajwa sana ni wa Robert Jensen wa 2007 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India: simu za mkononi zilipofika, bei za fukwe mbalimbali zikasogeleana, samaki waliokuwa wakitupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei ya mlaji ikashuka kwa 4. Lakini mvuvi ana chombo chake, akisikia bei nzuri anageuza tanga. Wewe ukisikia bei ya Mombasa huna lori. Nguvu yako wewe iko pengine: samaki wanaoza jioni hiyohiyo, chungwa linaweza kungoja wiki kadhaa mtini. Simu ikuonyeshe ni lini ungoje. Deni likishakukaba, hata hiyo subira imekwisha, kama ya yule ndugu yetu wa Handeni.

Swali: Ninafanya utafiti wa shahada kuhusu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nimehoji 60 walio kwenye ushirika na 60 wasiokuwa. Wanachama wanauza lita 4 zaidi kwa siku. Msimamizi amesema siwezi kuandika kuwa ushirika umeongeza maziwa. Ni kwa sababu sampuli ni ndogo? (Mwanafunzi, Tanga mjini)

Hapana. Tuanze na sampuli ili tuiweke kando. Kanuni ya haraka ni hii: watu wanaohitajika kila upande ni 16 gawanya kwa mraba wa tofauti, tofauti ikiwa imepimwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Ikiwa maziwa yanatofautiana kwa mkengeuko wa lita 4, watu 60 kila upande wanatosha kuona tofauti ya lita mbili hivi. Wewe umeona nne. Tofauti ipo, kinachogomba ni chanzo chake.

Nani hujiunga na chama cha msingi cha wafugaji? Tanga ina vyama hivyo vya muda mrefu, vina umoja wao na vituo vya kukusanyia maziwa. Hujiunga aliye karibu na kituo, mwenye ng'ombe chotara tayari, mwenye maziwa ya kutosha kumlazimu kutafuta soko. Yaani huenda maziwa ndiyo yaliyoleta uanachama. Ukimlinganisha na jirani mwenye ng'ombe mmoja wa kienyeji kilomita nane kutoka kituoni, umepima umbali na mbegu ya ng'ombe, ukaandika jina la ushirika juu yake.

Wanafunzi wengi hukimbilia kuingiza idadi ya ng'ombe wa leo kwenye mlinganyo wa takwimu, wakidhani wamemaliza. Hapo wameharibu zaidi. Kama ushirika ulimsaidia mtu kupata mkopo wa mtamba wa pili, huyo mtamba ni sehemu ya matokeo unayoyatafuta, nawe umemfuta. Unachoweza kuingiza ni hali ya kabla: alikuwa na ng'ombe wangapi mwaka mmoja kabla ya kujiunga, wa aina gani, kituo kilikuwa umbali gani, nani nyumbani alijua kusoma.

Kwa hiyo rudi uwandani na maswali matatu ya nyongeza: mwaka wa kujiunga, mifugo ya mwaka uliotangulia, na umbali wa kituo kwa njia anayopita, si kwa mstari wa ramani. Kisha tafuta kundi bora la kulinganisha. Bora kuliko wote ni wafugaji wa vijiji ambavyo kituo kimepangwa kujengwa lakini hakijafika. Hao wanafanana na wanachama kwa nia na kwa mifugo, tofauti yao ni zamu tu. Ukiweza kuwapima kabla na baada, hesabu mabadiliko ya kila upande na utoe moja kwa lingine. Usipoweza, badili neno kwenye kichwa cha kazi yako: andika "uhusiano", usiandike "athari". Msimamizi atakubali, na hutakuwa umemdanganya mtu.

Jiandae kwamba tofauti ya kweli itakuwa ndogo kuliko lita 4, na hapo ndipo sampuli inarudi. Kuona lita moja kwenye mkengeuko wa nne ni 0.25, 16 gawanya kwa 0.0625 ni wafugaji 256 kila upande. Kisha wa kijiji kimoja hufanana, wananunua pumba duka moja na kuuza kituo kimoja. Ukihoji 10 kila kijiji na uwiano wa kufanana (sifuri hawafanani kabisa, moja ni sawasawa) ukiwa 0.1, zidisha kwa 1 jumlisha tisa (10 toa 1) mara 0.1, yaani 1.9: sasa ni 486. Ukihoji watano kila kijiji, kizidisho ni 1.4 na unahitaji 358. Kuongeza watu wa kijiji kilekile kunasaidia kidogo sana, ongeza vijiji. Nauli itakuuma, tunajua. Kinachopunguza mzigo ni kupima mara mbili: maziwa ya mzunguko wa kwanza na wa pili yakihusiana kwa 0.7, na ya kwanza ukiyaingiza kwenye mlinganyo, unahitaji karibu nusu ya watu.

Tumeona hojaji yako uliyoiambatisha, na tungependa uibadilishe kwenye mambo haya. Umeuliza "mwaka jana uliuza lita ngapi". Hakuna anayekumbuka. Uliza ya jana asubuhi na jana jioni, kwa chombo chake mwenyewe, kisha pima chombo hicho kwa maji. Vipo vidumu vinavyoitwa vya lita tano na havifiki. Uliza pia yaliyonywewa nyumbani, ya ndama na yaliyogawiwa jirani, la sivyo asiye mwanachama anayewanywesha wanawe ataonekana hana maziwa. Rudi kiangazi, Januari au Februari, majani yakiwa yamekauka. Wastani wa masika pekee unawapendelea wasionunua chakula. Na bei usichukue iliyobandikwa kituoni. Chukua kilichofika mkononi baada ya makato ya dawa, mbegu na pumba.

Mwisho, mauzo si faida. Umeiacha kazi ya familia bila thamani. Ukiihesabu sifuri, kila ufugaji unalipa. Ukiihesabu kwa ujira kamili wa kibarua, karibu kila mfugaji mdogo anapata hasara, na hilo nalo si kweli, kwa kuwa mtoto anayekata majani jioni hana kibarua anachokiacha. Toa hesabu zote mbili na ya katikati, kwa mfano nusu ya ujira, na uonyeshe kama jibu lako linageuka. Likigeuka, msomaji ana haki ya kulijua.

Swali: Mbolea ya urea niliyonunua Korogwe ilikuwa na mabonge na rangi imefifia. Mahindi hayakuonyesha kitu. Nimeuziwa feki? (Mkulima)

Ndugu, mabonge ni dalili ya unyevu. Urea yenye mabonge ikivunjwavunjwa bado ina naitrojeni yake ya asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko wa kilo 50. Watafiti walionunua sampuli zaidi ya 600 za mbolea madukani Mkoa wa Morogoro, matokeo yakachapishwa 2021, walikuta karibu zote zina kiwango kinachotakiwa, ilhali wakulima waliamini nyingi zimechakachuliwa, na mwonekano mbaya ulizidisha shaka hiyo. Utafiti wa 2017 wa Uganda ulikuwa umedai upungufu wa asilimia 30 ya naitrojeni, kwa hiyo hatukwambii feki haiwezekani. Lakini kabla ya kumtuhumu muuzaji, angalia namna ulivyoiweka. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevunyevu na kuachwa wazi, jua likiwaka, hupeperuka kama hewa. Iweke sentimita 5 kutoka shinani, ndani sentimita 5, na uifukie.

Kwa kuhakikisha, acha mistari minne katikati ya shamba bila urea na minne jirani uitie, kizibo kimoja cha soda kwa shina. Vuna mita 10 za mistari miwili ya kati kila upande na upime kwa mzani. Mfuko usiotimia uzito au ulioshonwa mara ya pili upeleke kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea pamoja na risiti. Na ununue mapema, ukishauza mavuno na pesa ikiwa bado ipo. Busia, Kenya, kwenye utafiti wa Duflo, Kremer na Robinson wa 2011, kumpelekea mkulima mbolea bila nauli mara tu baada ya mavuno kuliongeza matumizi kwa asilimia 47 mpaka 70, bila kupunguza bei ya mbolea yenyewe.

Swali: Nyanya Lushoto mwaka jana tenga lilikuwa dhahabu, mwaka huu tunamwaga. Nipande lini? (Kijana, Soni)

Ulipanda kwa bei ya jana, na wenzako wote wakafanya hivyohivyo. Mchumi Mordecai Ezekiel alilieleza hili tangu 1938, kwa jina la utando wa buibui: bei ya juu huleta shamba kubwa, shamba kubwa huleta bei ya chini, watu wanaacha, bei inapanda tena. Acha kuangalia soko, angalia vitalu. Mche ulio kitaluni leo ni nyanya sokoni baada ya miezi mitatu hivi. Pita kwa wauza miche wa kata yako na za jirani, uliza wamemwaga mbegu pakiti ngapi na mwaka jana wakati kama huu zilikuwa ngapi. Zikiwa zimezidi sana, weka kabichi au karoti kwenye nusu ya eneo na nyanya uisogeze wiki sita.